Msafara wa Gia Tano

Fundi aliipata habari ile kabla ya wenzake wote, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa na ufunguo wa chumba cha mitambo. Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Mkurugenzi alimkuta amechuchumaa nyuma ya kabati la seva, sweta mbili mwilini maana baridi ya chumba kile haikuwa na huruma, akaufunga mlango nyuma yake na kusema bila hata salamu, "Ijumaa tunazima."

"Tunazima ipi?"

"Zote."

Fundi alisimama. Alidhani kelele za feni zimemfanya asikie vibaya. Mkurugenzi akarudia, safari hii akiangalia viatu vyake mwenyewe.

Kampuni yao ilikuwa ndogo, watu kumi na wanne kwenye ghorofa ya pili juu ya duka la rangi, na wenyewe waliiita Kibanda. Kazi yao ilikuwa kuwachezesha watu michezo ya kompyuta kwa mbali. Mchezo wenyewe uliendeshwa humu ndani kwenye seva za Fundi. Mteja, hata kama kompyuta yake ni kuukuu inayokohoa, aliletewa picha tu kwa intaneti, akalipa ada ya mwezi, akacheza. Miaka mitatu mambo yalikwenda vizuri. Kisha zikaja kampuni mbili kubwa, ambazo pale ofisini hakuna aliyezitaja kwa majina. Waliziita Bluu na Nyekundu, kwa rangi za nembo zao. Bluu ilinunua michezo na kuifungia kwake. Nyekundu iligawa miezi ya bure. Hao wawili walikuwa wanakabana koo wao kwa wao, na huenda hata hawakujua kwamba Kibanda kipo, lakini kila walipovutana, mchezo mmoja uliondoka kwenye orodha ya Kibanda na wateja wake wakaufuata. Mwishowe ukabaki mmoja wa maana, wa kuendesha malori ya safari ndefu. Sasa Bluu walikuwa wameununua na huo.

"Si mkataba wetu unaisha mwisho wa mwezi?" Fundi aliuliza. "Bado wiki tatu."

"Wanataka Ijumaa. Wiki ijayo Nyekundu wanatangaza miezi mitatu ya bure, na Bluu wanataka wateja wetu wawe wameshahamia kwao kabla ya hapo. Tukizima mapema, wanawachukua watu saba kazini." Akameza mate. "Wewe ni wa kwanza kwenye orodha."

"Na kaka yangu?"

Mkurugenzi alimfahamu huyo kaka. Yeye mwenyewe ndiye aliyetoa ruhusa kifaa chake kipokelewe kwenye mfumo, siku ambayo Fundi alikuja kumlilia ofisini. Lakini sasa alishika kitasa cha mlango. "Hilo waulize wao," akasema, akatoka.

Kaka yake Fundi alikuwa dereva wa lori, tena dereva haswa, wa kulala kwenye kiti na kuijua barabara kwa kusikiliza matairi. Miaka minne iliyopita alipanda juu ya mzigo kufunga turubai, kamba ikakatika mkononi, akaanguka kinyumenyume. Shingo ndiyo iliyotangulia. Tangu siku hiyo alikuwa na kichwa tu. Kuanzia mabegani kwenda chini mwili ulikuwa pale kitandani, unalishwa na kugeuzwa, lakini haumsikii. Mwaka wa kwanza hakuzungumza zaidi ya ndiyo na hapana. Mwaka wa pili Fundi akakusanya vipande vya vidhibiti vya michezo vilivyoharibika pale kazini, akamtengenezea usukani mdogo wa kuwekwa chini ya kidevu, na mrija wa kutia mdomoni: ukipuliza gari linakwenda, ukivuta linafunga breki. Wiki sita aligonga kila ukuta uliokuwemo mchezoni. Wiki ya saba akafikisha mzigo.

Baada ya hapo alikuwa barabarani kila siku kuanzia saa tatu asubuhi. Humo ndani aliitwa Gia Tano. Alikuwa na msafara wa madereva kumi na mmoja wanaomfuata, watu wa miji mbalimbali ambao hawajaonana kwa macho, wakipiga soga kwa maikrofoni kutwa nzima. Aliwapangia njia, aliwagombeza, aliwatania kuhusu wake zao. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kiongozi wao hawezi kujikuna pua. Mtu akisema, "Jamani, ngoja nisimame ninyooshe miguu," yeye alijibu, "Nyoosha na ya kwangu," wakacheka wote, na mama yao aliyekuwa anakunja nguo chumbani humo akageuza uso upande wa dirisha.

Kwa hiyo Jumanne Fundi aliomba ruhusa akaenda makao ya Bluu. Alipokelewa na meneja wa huduma kwa wateja, mwanamke mpole mwenye sauti ya kubembeleza, kwenye chumba cha vioo ambacho kila anayepita anakuona. Fundi alimwonyesha video ya kifaa kwenye simu. Meneja alitazama mpaka mwisho, akafuta jicho.

"Dada yangu, ondoa shaka. Sisi tunapokea vifaa vyote."

"Naweza kupata barua inayosema hivyo?"

Meneja akacheka na kumshika mkono. "Barua ya nini? Wiki ijayo wewe ni fundi wetu. Utajiandikia mwenyewe."

Akaamini. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini aliamini upesi vile, na jibu lilikuwa moja tu: alitaka kuamini. Kazi alikuwa anaihitaji, na nyumba ile ilimtegemea yeye.

Ijumaa saa nne asubuhi alizima. Wenzake walisimama mlangoni kama watu walioitwa kwenye mazishi ya jirani wasiyemjua sana, hawajui waweke mikono wapi. Aliandika amri, akabonyeza, kisha kabati moja baada ya jingine likanyamaza. Chumba kikawa kimya kwa mara ya kwanza tangu alipokijua. Kwenye skrini ya hesabu, wateja elfu moja na mia tatu waliokuwa barabarani wakawa sifuri. Mmoja wao alikuwa kaka yake, akiwa katikati ya safari na msafara wake nyuma. Alikuwa amemwambia tu kwamba huduma "inahamishwa". Hakumwambia nani anayeihamisha.

Jumamosi asubuhi Fundi alimfungulia kaka yake akaunti ya Bluu, akamfunga usukani kidevuni, akaketi pembeni kuangalia. Picha ilikuwa safi kuliko ya Kibanda, hata majani ya kando ya barabara yalionekana. "Hawa wana pesa," Kaka alisema, akapuliza mrija. Lori likaondoka. Alianza kuwaita wenzake kwa maikrofoni, na wawili wakaitikia.

Dakika kumi na mbili baadaye skrini ikawa nyeusi. Yakatokea maandishi: Kifaa kisichotambulika. Akaunti imefungwa kwa udanganyifu.

"Udanganyifu?" Kaka aliuliza. "Nimemdanganya nani?"

Ilikuwa hivi. Bluu walikuwa wanaendesha mashindano ya zawadi, na walaghai walikuwa wanatumia mashine kucheza badala ya mikono. Mfumo wao ulijifunza mkono wa mtu unavyotetemeka, unavyosita, unavyokosea. Kidevu na pumzi ya mtu havikufanana na mkono, basi mfumo ukaamua kwamba aliyecheza si mtu.

Jumatatu Fundi akaanza kazi mpya. Alifikiri litakuwa jambo la nusu saa. Meneja mpole alikuwa safarini. Alipoandika ombi, alijibiwa kwamba limepokelewa. Alipoandika tena, alijibiwa kwamba limepangwa robo ya pili ya mwaka. Siku ya tatu alishuka mwenyewe mpaka kwa mkuu wa usalama wa mfumo, kijana mmoja aliyekuwa akila huku anaandika.

"Dada, nikifungua tundu moja kwa ajili ya kaka yako, kesho walaghai wote watakuwa wagonjwa."

"Njoo umwone. Ni mwendo wa dakika arobaini tu kutoka hapa."

"Wateja wetu ni milioni sita," kijana alisema, bila ubaya wowote. "Nikianza kuwatembelea nitamaliza lini?"

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kaka alikuwa amegeuzia uso ukutani, na kwa mtu mwenye kichwa tu, hiyo ndiyo namna pekee ya kuondoka chumbani. Mama yao alikaa na bakuli la supu mpaka likapoa, akalipasha, likapoa tena.

"Tangu juzi hajameza kitu ila maji," mama alimwambia Fundi pale mlangoni. "Mwanangu, fanya utakalofanya. Huyu anaondoka namwona."

Fundi aliingia, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Kaka."

"Tulikuwa tunakaribia kituo cha mafuta," Kaka aliuambia ukuta. "Ijumaa ile. Niliwaambia tutajaza wote kisha tupande mlima pamoja. Watadhani nimewatelekeza."

"Huduma ilizimwa kaka, wanajua."

"Na Jumamosi? Wawili walinisikia. Waliona Gia Tano kafungiwa kwa udanganyifu. Inaandikwa pale kila mtu asome." Akavuta pumzi. "Ni nani huyo aliyezima? Hakuweza kungoja hata tufike kituoni?"

Angeweza kusema ni mkurugenzi. Isingekuwa uongo mtupu. Lakini kabla hajapanga maneno yakawa yameshatoka.

"Ni mimi."

Kaka aligeuza kichwa taratibu mpaka wakatazamana. "Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu. Waliahidi kazi. Waliniahidi na kifaa chako kitapokelewa."

"Basi una bahati," Kaka alisema. "Unao mkono."

Akaurudia ukuta wake. Fundi alitoka akaenda kukaa bafuni, akafungua bomba ili mama yake asimsikie.

Kesho yake wakati wa chakula cha mchana, akiwa kwenye ngazi za dharura za ofisi ya Bluu, aliandika kila kitu kwenye ukurasa ambao wachezaji wa malori hukutania. Hakuandika jina lake wala la Kaka, ila aliacha namba ya simu. Alieleza kifaa, ahadi na yale maneno ya kwenye skrini, kisha akaomba: kama kuna anayemjua mtu yeyote ndani ya Bluu mwenye sauti, amsaidie. Jioni ujumbe ule ulikuwa umesomwa na maelfu. Siku ya pili simu yake ikaita. Aliyepiga alikuwa afisa matangazo wa Nyekundu.

Jumapili mchana afisa huyo alifika na mpiga picha na mataa mawili. Alivaa shati la nembo yao na viatu vyeupe ambavyo alivivua mlangoni kwa adabu. Alimwamkia mama, akamsogelea Kaka, akaeleza kwa uchangamfu walichokusudia: nchi nzima ione jinsi Bluu wanavyomfungia mlango mtu asiyeweza kutumia mikono, halafu ione kwamba kwa Nyekundu mlango uko wazi.

"Mchezo wa malori mnao?" Kaka aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

Afisa alikohoa. "Ule Bluu wameununua peke yao. Ila tunao wa ndege. Tunao wa mpira. Wa ndege ni mzuri sana, mzee."

Kaka alicheka. Hakuwa amecheka kwa siku nane, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya, cha kukatisha pumzi, hata mama akakimbilia kumwinua kichwa. Fundi alikuwa ameshasimama kuwatoa wageni nje.

"Mdogo wangu, ngoja," Kaka alisema alipotulia. Akamgeukia afisa. "Mtasema wazi kwamba Bluu wamenifungia? Kwa jina lao?"

"Ndiyo maana tumekuja."

"Na watu wengi wataona?"

"Kila penye skrini."

Kaka alifumba macho. Fundi alimjua, hivyo ndivyo alivyofumba enzi zile akipiga hesabu ya mafuta na mlima ulioko mbele.

"Kaka, msafara watakuona," Fundi alisema kwa sauti ya chini. "Watakuona ulivyo."

"Wataniona." Alifumbua macho. "Na wewe? Waajiri wako wakijua mimi ni ndugu yako?"

"Watanifukuza."

"Basi sema sasa hivi. Ukisema nikatae, nakataa, wala sitakulaumu."

Mama aliacha kupangusa meza. Fundi alitazama mataa yale, akautazama usukani wa kidevu uliotundikwa kwenye msumari. Mwezi ujao ulikuwa na dawa, godoro la kuzuia vidonda, kodi.

"Sema yote," akamwambia kaka yake. "Usibakize."

Akasema. Afisa alitaka alie kidogo, Kaka akamwambia machozi yake hayamo kwenye mapatano. Alizungumza kama dereva: juu ya turubai, kamba, mrija, mzigo wa kwanza aliofikisha, na kwamba Bluu wanamwita mdanganyifu kwa sababu mashine yao haijawahi kuona mtu anayeendesha lori kwa pumzi.

Tangazo lilitoka Jumatano. Fundi aliliona kwenye skrini kubwa ya makutano ya barabara akielekea kazini, akashindwa kuvuka mpaka taa ilipobadilika mara tatu. Maneno ya Kaka karibu yote yalikuwa yamekatwa. Turubai halikuwemo, mzigo haukuwemo. Walichobakiza ni Bluu wamenifungia, kisha mama yake anamfuta mate kidevuni, muziki wa huzuni, na nembo nyekundu. Wale watu hawakuomba ruhusa kupiga picha ya mate.

Alhamisi asubuhi kadi yake ilikataa kufungua mlango. Meneja mpole alishuka kumwona pale mapokezi, mlinzi akiwa kando.

"Umetuumbua," meneja alisema. Safari hii sauti haikubembeleza.

"Uliniambia mnapokea vifaa vyote."

"Nilisema." Meneja alitazama huku na huku. "Sikuandika."

Siku tano zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko miaka minne ya nyuma. Fundi alipeleka barua za maombi ya kazi sehemu tisa. Sehemu mbili walimtambua kuwa ni ndugu wa yule wa tangazo, wakamsifu sana, wakamwambia nafasi hakuna. Watu barabarani walimpa mama pole. Kaka alianza kunywa supu, vijiko vichache, lakini hakuuliza habari za malori, na Fundi hakuthubutu kuzitaja.

Jumanne mafundi wawili wa Bluu walibisha hodi, nao wamekuja na mpiga picha wao. Aibu ilikuwa imewafika. Walikipima kifaa kwa saa mbili, wakamrekodi Kaka akipuliza na kuvuta, wakaandika kwenye mfumo kwamba pumzi hii ni ya mtu. Kisha wakaomba picha moja, wakiwa wamemzunguka kitandani na vidole gumba juu.

"Piga," Kaka alisema. "Nimeshazoea kuwa ukuta wa kubandikia matangazo."

Walipoondoka, Fundi aliwasha mchezo. Kati ya wale kumi na mmoja, walibaki wanne. Wengine walikuwa wamefuata miezi ya bure ya Nyekundu, wengine hawakujulikana walikoenda. Kaka aliwasalimia. Kisha mmoja waliyemwita Breki Moto akasema kwa sauti ya hospitali, "Gia Tano, ndugu yetu. Tuliona. Pole sana. Leo twende polepole tu, usijichoshe."

Na kweli wakaenda polepole. Wanne wale walimtangulia na kumzunguka, wakapunguza mwendo kila kwenye kona, wakamsifu kwa kupita daraja ambalo alikuwa amelipita mara mia mbili. Hakuna aliyetania. Hakuna aliyetaja miguu. Fundi aliona shavu la kaka yake likicheza na akajua kilichopotea, na kwamba hakuna fundi wa kukirudisha. Kaka alivumilia saa nzima. Halafu akasema kwenye maikrofoni, kwa upole, "Asanteni, ndugu zangu. Nimechoka," akafunga breki kando ya barabara, akawaacha waende.

Akakaa pale na lori lake, injini ikinguruma, akingoja wafike mbali. Walipopotea kwenye ramani aliondoka peke yake, njia nyingine. Kesho yake alifanya vivyo hivyo, na wiki nzima iliyofuata. Alikuwa anakula. Alikuwa anaongea na mama. Kwa Fundi alikuwa na maneno ya kazi tu: nisogeze, kaza hapa, asante. Hakumsamehe, au labda alikuwa anajaribu na haikuwa rahisi, Fundi hakuuliza.

Siku chache baadaye simu ya Fundi iliita. Aliyepiga alikuwa mwanamke asiyemjua, mwenye sauti kavu, amepata namba kwa watu wa watu. Mume wake alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Anaweza kusogeza midomo na jicho moja. Ameona tangazo, na tangu alipoliona hafanyi kingine ila kuliangalia tena na tena.

"Kile kifaa," mwanamke alisema. "Unaweza kumtengenezea?"

Fundi alitazama chumbani. Kaka alikuwa amesimamisha lori na anasikiliza, maana sauti ya simu ilisikika mpaka kitandani.

"Mwambie alete vipimo vya shingo," Kaka alisema. "Na umwambie ukweli wote."

Fundi aliihamishia simu kwenye sikio jingine, akatafuta kalamu. "Naweza kujaribu, mama," akasema. "Lakini kabla hujamwambia mumeo, nisikilize vizuri. Mchezo si wetu. Wenyewe wanaweza kuuzima siku yoyote, hata kesho, wala hawatakuuliza." Akasikia mwanamke yule akivuta pumzi upande wa pili. "Sasa niambie," akaendelea, "jicho lenyewe ni la kulia au la kushoto?"